Masanduku matatu ya marehemu

Machi 2021 nilikuwa nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya mjane mmoja mjini Lowell, Massachusetts. Nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, naye akazoea. Mumewe alikuwa ameshafariki, na sasa alitaka kuuza nyumba ahamie Florida kwa bintiye. Jumapili moja akanionyesha masanduku matatu ya plastiki yaliyofichika nyuma ya ngazi.

"Kadi za besiboli za mzee. Ziuze, tugawane nusu kwa nusu."

Kwa asiyezijua: ni picha za wachezaji zenye ukubwa wa kiganja, mbele sura ya mtu, nyuma takwimu zake. Kwa miaka mingi kampuni ya Topps iliziuza katika pakiti pamoja na kipande cha bigijii. Mimi ni mtoto wa Kisauni, mambo yangu ni mpira wa miguu. Besiboli mpaka leo naitazama kama mtu anayesubiri daladala isiyokuja. Lakini habari moja ilikuwa imenifikia. Januari ya mwaka huohuo kadi moja ya mchezaji Mickey Mantle, ya 1952, iliuzwa kwa dola milioni 5.2. Kadi moja! Na mimi nilikuwa nimekalia kama elfu kumi na nne.

Wiki nzima nikitoka kazini usiku sikulala. Nilichambua kadi sakafuni, nyingi zikiwa za 1987, zile zenye fremu inayofanana na mbao, na za 1988 hadi 1990. Nikatafuta majina mtandaoni. Mchezaji Barry Bonds, kadi ya 1987, namba 320: kuna mtu aliitangaza yake kwa dola elfu kumi. Mimi nilikuwa na Bonds wanane. Nikampigia dada simu Mombasa.

"Kaka, wauza karatasi?"

"Karatasi zenye thamani, dada."

"Haya. Basi kumbuka paa la nyumba ya mama."

Ndoto za Alinacha, naziona sasa. Paa nilishaliezeka, na ukuta nikauzungusha.

Jumamosi nikapakia masanduku ndani ya gari, nikavuka hadi Nashua, New Hampshire, kwenye duka la kadi. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alifunua sanduku la kwanza, akapitisha kidole juu ya kadi kama mtu anayepima kina cha maji, akafunika. La pili hivyohivyo. La tatu hakulifunua.

"Nitakupa dola sitini kwa zote. Na uziingize ndani mwenyewe."

Nikamwonyesha simu, yule Bonds wa elfu kumi. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akanifundisha kubonyeza mahali pa kuona vitu vilivyokwisha kuuzwa, si vinavyotangazwa. Bonds wa 1987 walikuwa wakiondoka kwa dola chache, wengine kwa bei ya kikombe cha kahawa. Kuomba bei, alisema, hakuna ushuru.

Kisha akanieleza. Kadi za 1952 zilizododa ghalani, Topps walizipakia kwenye tishari 1960 wakazimwaga baharini. Zilizobaki mikononi, watoto walizikunja, wakazibana kwenye tindi za baiskeli zilie kama pikipiki, na mama zao wakazitupa. Miaka ya themanini watu waliposikia kadi kuukuu zina pesa, kila mtu akaanza kuweka, na kampuni zikachapa bila kipimo. Kila nyumba ina masanduku kama haya. Hakuna aliyeyatupa, kwa hiyo hakuna anayeyatafuta.

Nilikuwa nimeshainama kubeba aliponiuliza kuhusu boksi la viatu lililokuwa juu ya sanduku la tatu. Nilikuwa nimelitenga kama takataka: kadi zilizojikunja pembe, nyingine zina matundu ya pini. Akavaa miwani. Akatoa moja kwa ncha za vidole: Carl Yastrzemski, Topps 1960, namba 148. Kadi yake ya kwanza, iliyotolewa kabla hajaichezea Boston Red Sox mechi hata moja. Baadaye aliichezea misimu 23. Pembe mbili zilikuwa zimelainika, na nyuma mtoto alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino.

"Usithubutu kufuta," akasema. "Arobaini, taslimu."

Sikumuuzia. Nilirudi Lowell nikamwonyesha Mama lile jina, kwa sababu lilikuwa la mumewe, kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Nilitarajia machozi, nikawa tayari nimeandaa maneno ya kumwachia kadi yake. Akaigeuza, akaisoma.

"Jina lake ninalo kwenye hati ya nyumba, kwenye jiwe la kaburi na kwenye barua za kodi zinazokuja bado. Uza."

Nikaipiga picha dirishani, mbele na nyuma, nikataja kila kasoro na wino wenyewe, nikaiweka mnadani siku saba kuanzia senti 99. Siku sita haikufika dola thelathini. Saa ya mwisho watu wawili wakaanza kupandishiana, nami na Mama tumekaa mezani jikoni tukiitazama simu kama fainali. Iliishia dola 112. Nikaivisha mfuko wa plastiki, nikaibana kati ya maboksi mawili, nikaipeleka posta. Baada ya makato na stempu tulipata kama dola 46 kila mmoja. Za dada nilituma arobaini. Akaniuliza kama hizo ni za paa au za misumari.

Zile elfu kumi na nne sikuzirudisha Nashua. Siku ya kuhama niliziweka kando ya barabara na kibao cha "Bure". Jioni tuliporudi kutoka kwa mwanasheria, masanduku yote matatu yalikuwa yamechukuliwa, vifuniko na vyote. Kadi zilikuwa zimemwagwa kwenye nyasi.