Kitabu cha zamu

Jumatano, saa nne usiku

Leo alfajiri nimemnyima dereva gari. Leseni anayo, beji anayo, pombe hagusi. Tangu asubuhi moyo haujatulia.

Nilifika steji ya matatu hapa Malindi, ninapopanga zamu za madereva, saa kumi na nusu. Zamu ya kwanza ya Mombasa ilikuwa ya gari ambalo dereva wake amefiwa, yuko matangani Matsangoni. Nikampanga kijana ambaye gari lake limelala gereji siku ya tatu, gia boksi imefunguliwa. Hajawahi kunigongea hata kioo cha pembeni.

Akaja, "Shikamoo dada," akaagiza chai ya rangi. Akatia sukari vijiko viwili, akakoroga. Akageuka kuzungumza na mpiga debe, akarudi, akatia viwili vingine, akakoroga tena, akanywa wala hakushtuka.

"Umelala saa ngapi, ndugu yangu?"

"Nimelala, dada."

"Nimekuuliza saa ngapi."

Akaangalia funguo mkononi. Ikatoka polepole: jana asubuhi mpaka adhuhuri alishika skwadi, yaani usukani wa dereva mwingine, gari la Kilifi, tripu mbili. Magharibi akamshikia mwenzake la Mombasa, kwenda na kurudi. Amefika nyumbani saa saba usiku.

Nikafungua kitabu. Magari yote mawili yameandikwa, tripu zake na hesabu zake. Yeye hayumo popote. Sheria inasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, na anayehesabiwa hapo ni mtu. Kitabu chetu kinahesabu magari, kwa sababu anayepiga simu kila jioni ni mwenye gari. Dereva aliyepewa gari moja tu hujulikana amechoka, maana gari likitembea naye katembea. Anayeruka usukani huu na ule hana ukurasa. Na wanaoruka ndio wenye dhiki zaidi, wale ambao gari zao ni mbovu.

Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Foleni ya Mtwapa ikiwa haijafunga barabara, ni saa 2 na nusu. Mtu akienda na kurudi mara mbili, hizo ni saa 10 za usukani, na foleni sijaitia. Spidi gavana, kile kifaa cha kudhibiti mwendo, itamzuia asipite kilomita 80 kwa saa. Akisinzia hapo Gede, 80 inatosha kuua gari zima.

Nikamwambia alete funguo. "Dada, watoto wangu wale nini leo?" Hakupaza sauti. Sikuwa na jibu, na sasa hivi bado sina. Nikamwambia aende akalale, saa nane aje achukue la Kilifi, tripu moja.

Abiria kumi na mmoja walikuwa wameshakaa. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa kupeleka kliniki Mombasa, akawa anachungulia dirishani kila dakika. Nikampigia mzee wetu wa njia ya Lamu, aliyekuwa mapumzikoni tangu juzi. Huyu tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 amezoea kungoja msafara wa polisi pale Garsen, haraka za steji hazimbabaishi. Akaja na kikoi chake, katoka msikitini. Hakuuliza ni shilingi ngapi. Aliuliza, "Breki yake inashika juu au chini?" Hakuna aliyejua. Akazunguka steji mara mbili, taratibu, anakanyaga na kuachia, watu wanamlalamikia wamechelewa. Ndiyo maana mimi hupenda kila dereva awe na gari lake: jibu la swali lile lilikuwa Matsangoni, msibani.

Waliondoka saa kumi na moja na nusu. Wamefika salama.

Jioni nimenunua daftari la jalada gumu. Majina ya madereva nimeyashusha upande wa kushoto, kila mmoja na mstari wake, na saa alizoshika usukani, gari lolote liwe. Mwenye gari mmoja ameshaniuliza naandikia nini majina ya watu.

Yule kijana alikuja saa nane kasoro, kanawa uso. Hakuniamkia. Alichukua funguo, akaenda Kilifi, akarudi, akaziweka mezani. Fundi anasema gia boksi labda Ijumaa. Kesho nimemwandikia la saa tatu, Kilifi tu.