Msamaha wa mfalme, kalamu ya waziri

Sikukuu za taifa zikifika na wafungwa wakaachiliwa, barazani Mombasa husemwa kwamba mkubwa akitaka, mlango wa jela ya Shimo la Tewa hufunguka. Ndiyo maana ikija habari ya nchi yenye mfalme, mtu hudhani huko mambo ni rahisi zaidi: mfalme husamehe amtakaye. Sivyo. Katika ufalme wa kikatiba jina ni la mfalme, uamuzi ni wa wengine. Nasi si wageni wa mpango huo: kuanzia 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964 mkuu wa dola la Kenya alikuwa Malkia Elizabeth. Hata leo Rais wetu, kwa Kifungu cha 133 cha Katiba, husamehe kwa kufuata ushauri wa kamati, si kwa matakwa yake.

Tuanze na Uhispania, kwa sababu utaratibu wake umeandikwa wazi, tena kwa sheria kongwe ya 18 Juni 1870. Ombi huweza kuletwa na mfungwa mwenyewe, jamaa yake, au mtu yeyote kwa niaba yake bila hata barua ya uwakilishi. Hukumu iwe imeshakuwa ya mwisho. Mwenye rufaa inayosikilizwa asijisumbue. Faili hurudi kwa mahakama iliyotoa hukumu ili iandike maoni yake, na hapo mwendesha mashtaka husikilizwa, aliyetendewa kosa huulizwa, na jela hutoa ripoti ya mwenendo. Kisha baraza la mawaziri huamua, mfalme hutia saini, waziri wa sheria naye hutia yake, na amri huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali.

Maoni ya mahakama hayamfungi waziri, ila yana makali yake. Msamaha kamili hauwezekani mpaka mahakama hiyo ione kuna sababu ya haki, ya usawa au ya manufaa ya umma. Ikikataa, serikali hubaki na msamaha wa sehemu tu. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2021 kwa viongozi 9 waliofungwa kwa kutaka jimbo lao la Catalonia lijitenge na Uhispania. Mahakama ya Juu, iliyowahukumu, ilipinga, serikali ikaendelea, Mfalme Felipe VI akatia saini. Walitoka jela, lakini marufuku ya kushika vyeo vya umma ilibaki pale pale, na msamaha wenyewe ulikuwa na sharti la kutotenda kosa kubwa kwa miaka kadhaa.

Waombaji wengi hukwama kwenye mambo madogo. Kupeleka ombi peke yake hakusimamishi kifungo; hilo huombwa mahakamani kando. Fidia ya aliyeumizwa haifutwi na msamaha. Faini iliyokwisha kulipwa hairudi, isipokuwa amri iseme hivyo waziwazi. Na katiba inamkataza mfalme kutoa msamaha wa jumla, kwa hiyo kila jina lina faili lake.

Malaysia swali la kwanza ni la jiografia: kosa lilitendeka wapi? Likiwa jimboni, ni la mtawala au gavana wa jimbo hilo. Likiwa Kuala Lumpur au eneo jingine la shirikisho, ni la Mfalme Mkuu. Kila mmoja hukaa na bodi ya msamaha, na bodi haitoi ushauri kabla ya kuangalia maoni ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu, kama yapo. Kwa njia hiyo mwanasiasa Anwar Ibrahim alipata msamaha kamili Mei 2018. Mwaka 2024 Najib Razak, waziri mkuu wa zamani, alipunguziwa tu: kifungo kutoka miaka 12 hadi 6, faini kutoka ringgit milioni 210 hadi milioni 50. Neno ni lile lile, msamaha, lakini mmoja alirudi kwenye siasa na mwingine akabaki ndani.

Norway kuna kifungu nikipendacho: katiba inampa mwenye hatia hiari ya kuipokea huruma ya mfalme au kuitumikia adhabu yake. Uswidi hawajishughulishi na mfalme kabisa. Serikali husamehe yenyewe.

Uingereza ndiko watu huchanganya zaidi. Kwa England na Wales, mfalme husamehe kwa ushauri wa waziri wa sheria. Lakini tangu kesi ya Foster ya mwaka 1984 imekubalika kwamba hata msamaha kamili huondoa adhabu na matokeo yake tu. Hatia yenyewe hufutwa na mahakama. Kwa hiyo anayesema "sikutenda" asianzie kwa mfalme. Akishamaliza rufaa, mlango wake ni tume ya kupitia upya kesi za jinai, iliyoanza kazi mwaka 1997, yenye uwezo wa kuirudisha kesi mahakamani. Msamaha humfaa zaidi anayesema "nilitenda, lakini adhabu imezidi".

Mfano wa tofauti hiyo ni Derek Bentley, aliyenyongwa kwa kosa la mauaji 28 Januari 1953. Mwaka 1993 jamaa zake walipata msamaha wa adhabu ya kifo pekee. Kwenye kumbukumbu aliendelea kuwa muuaji. Ni Mahakama ya Rufaa iliyofuta hatia hiyo, Julai 1998.