Neno moja, meza nzima

Nilikuwa bado mwanafunzi wa tafsiri nilipokabidhiwa kijitabu cha maelekezo ya jenereta nikitoe kwenye Kiingereza. Sentensi zake zilikuwa fupi, hazina madoido. Kilichonikwamisha ni neno *run*. Lilijitokeza karibu kila ukurasa, na kila likija lina kazi nyingine. Kamusi yangu ilianza na “kimbia”, maana ambayo haikunifaa hata mara moja.

Nikampelekea mwalimu wangu. Hakunipa jibu, alinikatia vipande vya karatasi. “Kila sentensi yenye neno hilo iandike kwenye kipande chake,” akasema. “Kisha zitenge mafungu.” Ndivyo ilivyotungwa Kamusi Kuu ya Oxford, akanieleza. Mwaka 1879 mhariri wake, James Murray, aliwaomba wasomaji wa kujitolea wamtumie sentensi kutoka vitabuni, kila moja kwenye karatasi yake, naye akazipanga na wasaidizi wake ndani ya banda la mabati. Alifariki 1915, kazi ilikamilika 1928.

Nikaandika, nikapanga. Injini kuwaka na kuendelea kuwaka: fungu kubwa. Mafuta kupungua mpaka yakaisha. Kuwasha kwa majaribio. Wino wa lebo kuchuja ukilowa maji. Meza ikajaa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kila fungu linadai kitenzi chake cha Kiswahili, na kitenzi chenyewe nilikuwa nacho siku zote.

Kipande kimoja kilibaki mkononi: waya unaotoka kwenye jenereta, nyuma ya ukuta, hadi kwenye swichi. Waya haujongei, lakini Kiingereza kinalitumia kwake *run* lilelile la mwanariadha. Mwalimu akaniuliza, “Wewe ungesemaje?” Nikajibu bila kufikiri: “Waya unapita nyuma ya ukuta.” Akaniangalia tu. Kumbe nasi tunautembeza! Kinachotembea ni jicho la anayeufuata, na lugha zote mbili zimeliona hilo.

“Na sisi tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata kona, tunakata kiu,” akaongeza. “Mgeni naye anahangaika hivyohivyo.”

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Peter Gilliver, mhariri wa kamusi hiyohiyo, aliyetumia miezi tisa kulichambua *run* kama kitenzi akafikia maana 645. Nilifurahi kama niliyepata habari za ndugu. Katika toleo la 1928 neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa *set*. Sasa *run* limelipita, na sababu mojawapo ni mashine. Injini zililipa kazi mpya, kisha zikaja kompyuta na programu zake zikaliongezea nyingine. Kwa hiyo kijitabu cha jenereta, nilichokiona kikavu, kilikuwa kimenipeleka palepale neno hilo linapozaliana.