Siku moja maishani mwangu: mimi na vilima vitatu vya udongo

Nikiulizwa nafanya kazi gani huwa najibu kwamba niko saiti, basi. Nikisema ukweli wote, kwamba kutwa nzima napokea udongo, naupanga na kuulinda, mtu anacheka kwanza halafu anauliza: udongo nao unalindwa? Kaka yangu ananiita Meneja wa Vumbi. Basi nimeona niwape siku ya jana ilivyokwenda, mhukumu wenyewe.

Saa 11:30 alfajiri

Lango bado limefungwa. Ndani hakuna nyumba hata moja. Kuna vigingi vyenye vitambaa vyekundu, kontena la ofisi, na vilima vitatu vya udongo ambao haukuzaliwa hapa. Nyumba zitakuja, ramani bado zinapitiwa, lakini kiwanja kimekaa chini na mvua ikinyesha maji yanatuama, kwa hiyo lazima kiinuliwe kabla msingi wa kwanza haujachimbwa. Mbona tusilete udongo wakati huo? Kwa sababu unapatikana sasa. Kuna mahali wanachimba ghorofa la chini ya ardhi na wanatafuta pa kuupeleka. Ukiwaambia wasubiri karatasi zetu zipite, wanaupeleka kwingine, na sisi mwakani tutautafuta kwa tochi.

Naanza kwa kuzunguka vilima kabla mtu hajawasha injini. Natafuta nyufa juu ya mteremko, maji yaliyotuama chini, na zawadi za usiku. Jana zawadi ilikuwa godoro lililolowa na mifuko miwili ya taka iliyorushwa juu ya uzio. Watu wakiona rundo la udongo wanaona jalala, hawawezi kujizuia. Nikaona pia michirizi ya makalio. Watoto wamekuja kuteleza tena. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana udongo uliochimbwa chini na kubaki wima kama ukuta unaweza kuporomoka bila hata kupiga chafya, na mita moja ya ujazo ikiwa mbichi inafika tani moja na nusu. Ndiyo sababu kila jioni namlazimisha dereva wa shoveli avunje kingo zote zilizosimama, naye kila jioni ananiambia amechoka.

Saa 1 asubuhi

Kikao cha dakika 10: nani yuko wapi, nani kaja bila buti, boza la maji lina mafuta au halina.

Saa 1:30

Tipa ya kwanza. Hapa niwaeleze vizuri, maana wengi hudhani kazi ni kunyoosha kidole na kusema "mwaga pale".

Kila gari linakuja na karatasi: udongo umechimbwa wapi, saa ngapi, namba ya gari. Kule ulikotoka ulishachukuliwa sampuli na kupimwa maabara, lakini maabara imepima konzi chache, na mimi naletewa maelfu ya tani. Kwa hiyo napanda ngazi ya ubavuni, nachungulia bodi, nanusa. Harufu ya dizeli haijifichi. Rangi ya kijivu inayong'aa kama mafuta, chupa, plastiki, vipande vya bati la asbesto, kimoja tu kati ya hivyo kinatosha gari kusimama pembeni.

Kisha nachota konzi moja. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda na sioni haya kuisema. Unaufinya udongo kiganjani, unafungua vidole. Ukisambaratika, ni mkavu. Ukiacha tope mkononi, umelowa mno. Ukikaa kama yai na ukiugusa kwa dole gumba unapasuka vipande viwili vitatu safi, huo ukitandazwa utashindilika vizuri, uende kilima cha kati. Halafu unauviringisha kati ya viganja. Ukitoa uzi mrefu mwembamba usiokatika, huo ni mfinyanzi mzito. Huo mvua ikija unavimba, jua likiwaka unanywea, na ukiuweka chini ya nyumba utapasua kuta za watu. Unapelekwa kilima cha tatu kule nyuma, tutautumia kwenye tuta la mpakani ambako hakuna wa kulala juu yake.

Kilima cha kwanza ndicho kifupi, hakizidi mita 2, na ndicho ninachokilinda kwa wivu. Ni udongo wa juu, ule mweusi wenye vijizizi na minyoo. Wageni hudhani ni kifupi kwa sababu hatujaletewa wa kutosha. Hapana. Ukiurundika sana unajibana kwa uzito wake mwenyewe, hewa haipiti, vilivyo hai ndani yake vinakufa, na siku unaufunua kwa ajili ya bustani unakupokea na harufu ya kitu kilichovunda. Tumeuotesha nyasi mgongoni ili upepo na mvua visiuchukue. Gari halikanyagi pale. Hata la bosi.

Kuhusu kumwaga: tipa ikiinua bodi, uzito wote unapanda juu, na udongo mbichi una tabia ya kung'ang'ania kule mbele wakati wa nyuma umeshatoka. Gari likiwa limeinama kidogo tu upande mmoja, linalala ubavu. Nimeliona likitokea, miaka michache iliyopita, saiti nyingine. Lilianguka polepole sana, kama mtu anayesinzia. Tangu hapo sehemu ya kumwagia naisawazisha upya kila baada ya magari matano, na mimi nasimama mbele upande wa kioo cha dereva, mbali, sisimami ubavuni wala nyuma. Dereva asiponiona, hainui. Na akimaliza, hatoki hapo bodi ikiwa juu, kwa sababu karibu na lango kuna nyaya za umeme.

Mpaka saa 4:40 nilikuwa nimepokea magari 21. Hakuna la kusimulia.

Saa 5 kasoro dakika 5

Gari la 22. Dereva ni mzee wa makamo, mpole, kofia imefifia. Namsalimia, ananipa karatasi, napanda ngazi. Juu udongo mwekundu mzuri, tifutifu, kama wa kupigia picha. Kiganjani umekaa kama yai. Nikamwelekeza kilima cha kati.

Bodi ikaanza kupanda. Sasa, udongo ukishuka una sauti yake, shwaaa, kama mtu anamwaga mchele kwenye ungo. Huu ukaanza shwaaa halafu ukageuka: kro, kro, kro. Nikapuliza filimbi. Bodi ikaendelea kupanda. Nikapuliza tena nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili juu, na mzee yule anayeniona vizuri kabisa kwenye kioo akaanza kukagua kitu muhimu sana kwenye dashibodi yake.

Alipoamua kuniona, nusu ya mzigo ilikuwa chini. Vipande vya ukuta vyenye plasta, vigae vya bluu, nondo zilizojikunja kama tambi, na nusu ya sinki la choo. Sinki!

"Mzee wangu, hiki ni nini?"

"Udongo, binti yangu."

"Na hili sinki?"

Akalitazama muda mrefu, kama anayetegemea litajieleza lenyewe. "Hilo limejichanganya tu. Si vitafukiwa?"

Vitafukiwa, ndiyo. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Nikajaribu kumweleza kwa heshima, maana ni wa rika la baba yangu. Vipande vikubwa vinaacha uwazi kati yake. Ukipitisha mashine ya kushindilia, inadunda juu ya zege, na chini yake udongo unabaki umelegea. Mvua ya kwanza, ya pili, chembe ndogondogo zinazama kwenye ule uwazi, na baada ya miaka miwili mwenye nyumba anaona sakafu ya jikoni imeshuka upande mmoja na mlango haufungi. Sisi tunashindilia tabaka kwa tabaka, la sentimita 20 au 30, na kila tabaka linapimwa. Sinki halipimiki.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu, lakini mimi ni dereva tu." Ambalo ni kweli, na ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu sikuwa na wa kumkasirikia.

Akampigia bosi wake. Bosi wake akampigia bosi wangu. Bosi wangu, akiwa mahali penye kiyoyozi kwa jinsi nilivyosikia ule mvumo, akanipigia mimi: "Mmeshamalizana?" Nikamwambia hatujaanza. Akaniuliza kama siwezi kuvitandaza tu pembeni. Nikamwambia avitandaze yeye, nitampa karatasi asaini kwamba ndiye aliyeruhusu. Kimya. Kisha: "Warudishie."

Wakati huo nyuma kulikuwa na tipa tisa, foleni imetoka langoni mpaka barabarani, honi zinalia kama harusi. Jirani mmoja ameshindwa kutoa gari lake na anamtafuta "mkubwa wa hili jalala". Nikamwambia mkubwa ni mimi, na si jalala. Hakuamini yote mawili. Utingo wa gari la pili kwenye foleni ameshashuka, anatoa ushauri bure. Vumbi limepanda kwa sababu boza nalo limekwama nyuma ya foleni, haliwezi kuingia kumwagia.

Kurudisha si kuchota tu. Kifusi kilikuwa kimebiringika na kujichanganya na udongo mzuri wa gari la 21, na huwezi kuokota vigae kimoja kimoja kama unachagua mchele, ingawa vijana wawili walijaribu kwa mikono mpaka mmoja akakatwa kidole na nikasimamisha. Ikabidi shoveli ikwangue eneo lote, na udongo wetu mzuri ukaenda nao. Bodi ilipojaa, mzee akashuka, akazunguka gari lake, akapiga tairi teke.

"Binti, mbona mnanizidishia uzito? Nitakamatwa barabarani."

Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Tukampunguzia, kifusi kilichobaki nikakiweka pembeni kwenye turubai, nikapiga picha sinki, nikaandika kwenye daftari: gari la 22, limekataliwa. Saa ilikuwa 7 kasoro.

Mchana

Nilikula nimesimama. Koo lilikuwa limekauka, na kila nilichotafuna kilikuwa na mchanga.

Magari yaliyokuwa kwenye foleni yaliingia kwa hasira, kila dereva anataka kufidia muda wake, na hiyo ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Nilimfokea kijana mmoja aliyeanza kuondoka bodi ikiwa juu. Huwa sifoki. Alinitazama kama nimemtukania ukoo.

Kuna mgeni mmoja aliyekuja na msimamizi, sikuelewa ni wa benki au wa wapi, akaniuliza kwa nini tuna udongo mwingi hivi wakati kiwanja ni kidogo. Swali zuri, lakini kwa saa ile nilimjibu kifupi: udongo ukichimbwa unavimba. Uliokuwa mita 10 za ujazo ardhini unapanda gari ukiwa 12 au 13, na ukija kushindiliwa unasinyaa chini ya hata zile 10 za mwanzo. Ukihesabu kwa macho, kilima kinakudanganya. Alitikisa kichwa, akaangalia viatu vyake.

Sijui ilikuwa saa 9 au 10 wingu lilipojikusanya. Magari yakaendelea, mimi na watu wanne tukaanza kukimbizana na mvua. Dereva wa shoveli akasugua mbavu za kilima kwa mgongo wa kijiko mpaka zikalala laini, maji yateremke badala ya kuzama. Tukavuta turubai juu ya sehemu mbichi, tukazikandamiza kwa mifuko ya mchanga. Nikaenda kukagua mtaro unaozunguka na wavu wa kuzuia tope, maana tope likitoka hapa linaingia kwenye mfereji wa mtaa, na yule jirani atakuwa na haki safari hii. Magurudumu ya kila gari linalotoka yanaoshwa. Mvua yenyewe? Matone saba. Wingu likaenda zake.

Baada ya jua kuzama

Kingo zimevunjwa. Dereva wa shoveli ameniambia amechoka. Godoro nimelipakia pamoja na sinki, viondoke vyote kesho.

Nimekaa kwenye ngazi ya kontena nimevua buti, nahesabu daftari kwa mwanga wa simu. Magari 38 yaliyopokelewa. Ujumbe unaingia kutoka kwa wanaotuletea udongo: tripu 39, tafadhali thibitisha.

Nawatumia picha ya sinki.

Simu inaita. Nimeiweka kifudifudi kwenye ngazi, namwaga mchanga kutoka kwenye buti la kushoto.