Fumua

Neno lenyewe ni moja tu, na mama amelisema tangu nikiwa na miaka tisa, lakini tangu Jumapili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alikuwa pale pake dirishani, miwani puani. Nikamwekea mapajani ile kazi ya kroshia ya zambarau ambayo nimewachosha nayo humu tangu Februari. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Umeongeza mno. Fumua."

Basi. Akarudi kwenye chai yake.

Ruracio (sherehe ya mahari) ya Kevo ilipita salama, na kazini nimeongezewa darasa la pili, lakini usiku kucha mimi nabishana na mama kichwani. Mama, huko kuongeza ndiko kazi yenyewe! Vitambaa vyako vya viti vinalala kwa sababu kila mzunguko unaongeza idadi ile ile. Mimi kila kitanzi cha tano nakirudia, kwa hiyo vitano vinazaa sita. Nilianza na 20. Mzunguko wa 10 ni kama 120, na nikifika wa 20 vitakuwa 700 na ushei. Vitalala wapi? Lazima vijikunje kama ukingo wa jani la saladi. Daina Taimina, mwanahisabati Mlatvia wa Chuo Kikuu cha Cornell, alianza kuifuma hesabu hii kwa kroshia mwaka 1997, maana mifano ya karatasi haikudumu. Ukishonea humo mistari iliyonyooka kwa uzi mweupe, nukta moja iliyo nje ya mstari hupitisha mistari mingi isiyokutana kamwe na mstari huo, na pembe za pembetatu zikijumlishwa hazifikishi digrii 180. Mwalimu wetu wa kidato cha pili angezirai.

Hotuba hiyo yote ninayo. Pale sebuleni Buruburu, nimezungukwa na vitambaa vyake vilivyotulia kama maji ya beseni, nilisema, "Sawa, mama."

Na alisema *mno* au *sana*? Nadhani *mno*. *Sana* ningeimeza.

Jana akapiga simu kuulizia sufuria yake kubwa (iko kwa Shiko, si kwangu, naandika hapa iwe ushahidi). Alipokaribia kukata:

"Kile kidude chako, kila cha tano unakirudia?"

Nikanyamaza. Sijawahi kumwambia.

"Ndiyo, mama."

"Basi pale ulipounganisha uzi umerudia kila cha nne. Si nilikwambia ufumue?"

"Nilidhani unasema yote."

"Yote kwa nini? Kinapendeza. Fumua hadi kwenye fundo."

Nikawasha taa, nikahesabu kwa ncha ya sindano. Kila cha nne, tangu kwenye fundo hadi karibu nusu ya mzunguko. Aliyaona hayo kwa vidole, chai ikipoa! Nikafumua mizunguko mitatu, krrr, uzi ukitoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa, na mimi nacheka peke yangu saa tano usiku.

Uzi wenyewe ni ule wa Biashara Street na umebaki donge la ukubwa wa limau. Lakini hilo la kesho. Maji hayajaja tangu Jumanne, mlinzi anasema tanki la juu lina ufa, na sare ya Teo iko kwenye beseni, imeshapakwa sabuni.