Daftari la saruji

Baraza la usuluhishi la kata lilituita mara kadhaa, na kila tulipotoka wazee walikuwa wamechoka kuliko sisi. Hatukuwa tukipigana. Baba Watoto alishahamia Ipagala, mimi nimebaki Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, na watoto, na akija kuwachukua Jumamosi tunasalimiana vizuri tu getini. Hilo ndilo lililowashinda wazee: watu wanaosalimiana wanaachana vipi? Mjomba wangu, aliyetoka Mvumi kwa ajili hiyo, akawaambia, "Hawa hawagombani, wamechokana." Mmoja alipogusia ng'ombe wa mahari, mjomba akamaliza mjadala: ng'ombe wale walishazaa, na binti yetu naye kawazalia, sasa nani anamdai nani? Wakatuandikia hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila karatasi hiyo, kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka.

Wakili wangu, binti ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, akanizuia nisikimbilie kufungua shauri. Talaka hutolewa na mahakama, na hakimu lazima ajiridhishe kwamba ndoa imevunjika kabisa, hata kama wenyewe mmeshakubaliana. Ila habari ya mali na watoto mnaweza kufika nayo mkiwa mmeshaipanga. "Mkienda mnavutana, dada, mtauza kiwanja kutulipa sisi," akasema. Baba Watoto naye akaja na wakili wake. Tukakaa wanne kwenye meza moja, ghorofani mjini, madirisha yamefungwa kwa sababu ya ule upepo wa Agosti unaokujaza vumbi hadi masikioni.

Hofu yangu ilikuwa nyumba. Hati ina jina lake peke yake. Tulianza na chumba na sebule, miaka kadhaa kabla ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, enzi ambazo mtu wa mshahara wa kawaida bado alithubutu kuulizia bei ya kiwanja. Mshahara ulikuwa wake. Mimi nilikaanga maandazi, nikapima mafuta ya alizeti, nikasimamia mafundi. Sasa risiti ya kusimamia mafundi mtu anaitoa wapi?

Nilikuwa na daftari. Mchwa walishakula kona moja ya jalada, lakini ndani linasomeka. Wakili wake akalifungua katikati, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayehesabu bidhaa dukani: saruji mifuko sita, mchanga tripu moja, posho ya fundi na saidia, maji madumu ishirini, matofali yamwagiliwe asubuhi na jioni. Akafunua ukurasa mwingine, madumu. Mwingine, madumu tena. Akauliza, "Haya maji alikuwa ananunua nani?"

Kabla sijajibu, Baba Watoto akadakia. "Hakununua mtu. Bomba lilikuwa la mgao, maji yanatoka usiku wa manane. Alikuwa anaamka kukinga. Mimi nilikuwa nimelala."

Wakili wake akamgeukia, na jicho lile lilikuwa linauliza, kaka, wewe uko upande gani? Wa kwangu hakuwa na kazi kubwa tena. Alikumbusha tu kwamba kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatazama mchango wa fedha, wa mali au wa kazi, na kwamba Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilishakubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mimi nilikuwa nalia. Silii kwa ajili ya kifungu. Nalia kwa ile "mimi nilikuwa nimelala", ambayo katika ndoa nzima sikuwahi kuisikia.

Tukanywa soda, tukaingia kwenye madeni, na upole wote ukaishia hapo. Alikuwa na mkopo wa SACCOS unaokatwa kwenye mshahara. Sheria hutazama madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili, na mkopo ule nusu ulipaua nyumba, nusu ukamwoza mdogo wake. "Bati nalala chini yake, nitachangia," nikamwambia. "Ile harusi nilikula pilau tu." Mawakili wakacheka. Yeye akatoka nje, akakaa huko muda wa kutosha kunitia wasiwasi, akarudi akasema sawa.

Shamba la zabibu Hombolo alitaka alichukue, anilipe nusu yangu kidogo kidogo kila mavuno. Nikakataa. Zabibu zikiiva na mnunuzi asitokee, zinaozea palepale shambani. Deni la namna hiyo ni dua. Basi akachukua shamba, mimi nikachukua pikipiki iliyokuwa inafanya bodaboda na akiba yote ya kikoba. Nyumba tungekaa mimi na watoto hadi mdogo amalize kidato cha nne, kisha ithaminiwe tugawane nusu kwa nusu. Kodi ya vyumba vya nje iwe ada. Kiwanja cha Nala kiuzwe, kwanza kilipe deni la bati.

Nikadhani tumemaliza, wakili wake akakumbuka bima ya afya. Watoto wangebaki kwenye bima ya baba yao, ila mimi, talaka ikishatoka, siyo mwenza tena, kadi nirudishe. Nyumba nilishaizungumzia bila sauti kutetemeka, lakini ile kadi yenye picha yangu ya kipindi cha ujauzito, uso umevimba, niliitoa kwenye pochi nikaitazama, nikairudisha. Nikawaambia nitaikabidhi siku ya hukumu.

Mahakamani hakukuwa na mengi. Hakimu alituuliza kila mmoja kwa zamu kama kuna njia ya kurudiana, akasoma makubaliano yetu, akauliza sana kuhusu watoto kuliko kuhusu nyumba, na hapo nilimpenda.

Kiwanja cha Nala kikauzwa chini ya bei tuliyoitarajia. Deni la bati likaisha, kikabaki kiasi cha kugawana. Sasa dalali alikuwa rafiki yake, na yeye akataka udalali ukatwe kabla ya kugawana. Mimi nikasema rafiki yako, mfuko wako. Tulibishana kwa simu wiki nzima, kwa nguvu ambayo mezani kule hatukuionyesha, mpaka dada yake akachoka kupigiwa na pande zote, akaamuru hela ile yote inunue sare na madaftari ya mdogo anayeingia kidato cha kwanza. Udalali alilipa Baba Watoto. Mpaka leo anasema nilimwonea.