Ndoo za maji hazitoboi moyo

Nimepotea humu kitambo, mnisamehe. Mtoto wa dada angu ana miezi minne, amekutwa na tundu kwenye moyo, na tangu siku hiyo nyumba imegeuka mahakama na mshtakiwa ni dada.

Mama mkwe wake alikuwa uwani, kwao kule juu kwenye mawe ya Igogo, Mwanza, anamenya mihogo, akasema bila hata kuinua kichwa: "Nilimwambia aache ndoo. Mimba ya miezi saba mtu anapanda nazo huku, haya sasa." Dada kimya. Mtoto yuko kwenye ziwa, ananyonya kidogo anaacha, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso kama mtu aliyebeba gunia la dagaa pale mwalo wa Kirumba, alafu anaanza tena. Hiyo jasho ndo ilimshtua nesi wa kliniki, hiyo na uzito kugoma kupanda.

Mi nafundisha bayolojia sekondari, siyo daktari, lakini hapo kwenye miezi saba nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia mama, shikamoo yako iko palepale ila moyo haujengwi miezi saba. Siku ya 22 hivi tangu mimba itungwe kamrija kadogo kameshaanza kudunda, na mama mwenyewe pengine ndo kwanza anashangaa mbona siku zake zimechelewa. Kale kamrija kanajikunja, kanagawanyika vyumba, na ukuta wa kati ya vyumba viwili vya chini unakuwa umefunga kwenye wiki ya 8 hivi. Kwa hiyo ndoo za mwezi wa saba zimekuta fundi alishakusanya vifaa vyake akaondoka zamani.

Akaniuliza swali zuri kuliko ya wanafunzi wangu wengi: huyo fundi anajuaje pa kujenga?

Ilikuwa inaingia giza, nikamwonyesha ziwani. Mkikaa pale kwao usiku wa giza mnaona taa za wavuvi wa dagaa, huku zimewaka nyingi, kule mbili tatu, kwingine giza tupu. Mwili uko hivyo. Kila seli, ya moyo, ya ini, ya kidole, ina jeni zilezile karibu 20,000, yaani maagizo ya kurithi ya kujenga na kuendesha mwili, ila kila seli inawasha za kwake na kuzima zingine, na zinabadilika kwa saa na kwa siku. Seli ikawa ya moyo kwa sababu ya zilizowaka, siyo kwa sababu imepewa kitu ambacho ini halina.

Alafu kuna jeni ambazo kazi yake ni kuwasha wenzake. Mojawapo inaitwa NKX2-5. Nzi wadogo wa kwenye matunda nao wanayo ya ukoo huohuo, ikiharibika nzi hapati moyo kabisa, ndo maana watafiti waliiita tinman, yule mtu wa bati wa kwenye hadithi asiye na moyo. Mwaka 1998 ikaonekana kwenye familia za watu wenye matundu ya moyo na mapigo yanayokwama njiani kwamba jeni hii ina kasoro. Na kinachonishangaza mimi ni kwamba haijaharibika yote! Kila mtu anazo nakala mbili, ya baba na ya mama, kwa hao moja tu ndo mbovu. Nusu ipo inafanya kazi. Mama mkwe hapo alielewa haraka kuliko mimi chuoni: sufuria ileile, maji yaleyale, unga ukiwa nusu hupati nusu ya ugali, unapata uji.

Kuna na TBX5, hiyo inajenga moyo na mkono pamoja, kwa hiyo mwenye kasoro yake anaweza kuwa na tundu la moyo na kidole gumba cha ajabu au hana kabisa. Nikaona bibi anachungulia vidole vya mjukuu. Viko sawa, tumeshahesabu wote.

Sasa nisiwadanganye kwamba kila kitu ni jeni. Rubela mwanzoni mwa mimba inaharibu moyo, sukari isiyotulia pia, na baadhi ya dawa. Na watoto wengi wenye matatizo haya, ni kama 1 kwa kila 100 wanaozaliwa, hawapatiwi sababu moja ya kuinyooshea kidole. Daktari wetu alisema hivyohivyo, hajui, na nilimheshimu. Kwenye skrini ya eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, damu inaonekana inachupa kutoka kushoto kwenda kulia, kamstari ka rangi, dada alikaangalia mpaka mashine ikazimwa.

Babu yupo chumba cha pili, anasikiliza yote. Yeye ana presha miaka mingi, moyo umetanuka, miguu inavimba, analalia mito mitatu. Akadakia, "Na mimi nilibeba ndoo?" Tukacheka. Ila babu na mjukuu wana kitu kimoja. Moyo wa mtu mzima ukizidiwa unarudi kuwasha jeni za utotoni, zile ulizopunguza baada ya kuzaliwa. Moja inatoa kemikali inayoambia figo zitoe maji na chumvi, na ndo wanaipima kwenye damu, kipimo cha BNP, kujua moyo umeelemewa kiasi gani. Mzee wa miaka 71, moyo unaongea kitoto.

Mama mkwe akaanza kuhesabu kwenye vidole, wiki ya tano, ya sita. "Kumbe ule msiba wa Sengerema, alipopika siku tatu, alikuwa hajajua hata ana mimba?" Dada akasema hakujua. Mama akachukua beseni la mihogo akaingia ndani. Hajaomba msamaha, wala sikutegemea, ila asubuhi nilimkuta ndo anambeba mtoto dada alale.

Kliniki tena Jumanne. Ana kilo 5 na gramu 100, wiki mbili nyuma tano zilikuwa hazijatimia.